Kiafrikaans Kutoka Sifuri: Sentensi Yake Inapangwa Kama Matatu, na Kama Unabonga Sheng Uko Mbele Tayari

Oktoba 2023, nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga jijini Paris. Afrika Kusini imewachapa Uingereza 16-15, lakini badala ya wasee kubonga kuhusu mechi, mitandao yote inabishana kuhusu maneno mawili. Tom Curry wa Uingereza alikuwa amemwambia refa kwamba Bongi Mbonambi wa Springboks amemtupia tusi la rangi. Mbonambi akakana. Wasauzi wengi wakaeleza kuwa wachezaji wao huitana uwanjani kwa Kiafrikaans, na kwamba "wit kant" maana yake ni "upande mweupe", yaani upande wa wenye jezi nyeupe. Uingereza siku hiyo ilikuwa imevaa nyeupe. World Rugby ikachunguza, ikasema ushahidi hautoshi, na Mbonambi akaingia uwanjani kwa fainali.

Maneno mawili tu, na mtu karibu akose mechi kubwa zaidi maishani mwake. Ukiwa hujui Kiafrikaans, ubishi wote huo ulikupita juu ya kichwa.

Sasa leo tunakichambua Kiafrikaans kutoka sifuri: sentensi inajengwa vipi, kitenzi kinakaa wapi, na kwa nini watu wa huko husema "hapana" mara mbili. Habari njema ni kwamba hii ni moja ya lugha zenye asili ya Ulaya ambazo sarufi yake ni nyepesi zaidi. Kuna kitu kimoja tu kizito, na hicho ukikishika, mambo mengine yanateremka.

Lugha iliyoitwa ya jikoni

Kwanza tujue ilitoka wapi, ju hiyo ndiyo inaeleza mbona ni nyepesi.

Mwaka 1652 Jan van Riebeeck alifika Cape na Waholanzi wenzake kufungua kituo cha meli za kampuni yao, VOC. Walikuja na Kiholanzi chao. Lakini pale Cape hawakuwa peke yao. Kulikuwa na Wakhoi, wenyeji wa pale, na watumwa walioletwa kutoka Indonesia, India, Madagascar na Msumbiji. Watu hawa wote ilibidi waelewane na mabosi na wao kwa wao. Kiholanzi kikaingia midomoni mwao, kikapungua uzito, kikaokota maneno njiani. "Baie", yaani sana, ni ya Kimalei. Ndizi ni "piesang", pia ya Kimalei. Mdudu ni "gogga", kutoka kwa Wakhoi. Jela ni "tronk", kutoka kwa Wareno.

Wale wa Kiholanzi sanifu walikidharau. Walikiita "kombuistaal", lugha ya jikoni. Kama umewahi kuambiwa na mwalimu kwamba Sheng inaharibu Kiswahili, basi hii stori unaijua tayari.

Na hii hapa itawashtua watu wa Mombasa: baadhi ya maandishi ya kwanza kabisa ya Kiafrikaans yako kwa herufi za Kiarabu. Waislamu wa Cape Town waliandika hivyo kwa ajili ya mafunzo ya dini. Abu Bakr Effendi, msomi aliyetumwa huko na dola ya Ottoman, aliandika kitabu kizima kwa njia hiyo, kikachapishwa Istanbul mwaka 1877. Ni vile tu Kiswahili cha pwani nacho kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi tunazotumia sai.

Mwaka 1925 Kiafrikaans kikapewa hadhi ya lugha rasmi. Na kabla hujasema haya mambo ni ya mbali, mwaka 1908 msafara wa Waafrikana ulipanda hadi Uasin Gishu na ng'ombe na magari ya kukokotwa, wakalima huko. Eldoret ilikua kwenye shamba namba 64, na ndio sababu wazee wengine bado wanaiita Sixty-Four.

Matamshi: chap chap tu

Huwezi kusoma mifano kama hujui sauti, kwa hivyo shika hizi chache.

G inasomwa kama "kh" ya "kheri". Watu wa pwani mko sawa, watu wa bara jikazeni koo. "Goed" (nzuri) inasikika "khut".
W inasomwa V. "Water" (maji) inaanza na V.
V inasomwa F. "Vis" (samaki) ni "fis".
J inasomwa Y. "Ja" ni "ya", yaani ndiyo.
OE inasomwa U. "Boek" (kitabu) ni "buk".
IE inasomwa I. "Dankie" (asante) ni "danki".
D ikiwa mwisho wa neno inasikika T. "Hand" (mkono) ni "hant".

Halafu kuna "baie", ambayo inasikika "baya". Ukipikia mtu na akuambie "baie lekker", usikasirike. Amesema dishi ni tamu sana.

Kitenzi hakibadiliki, kwisha

Kwa Kiswahili, kitenzi kinabeba mzigo: ninakula, unakula, anakula, tunakula. Kiingereza nacho kina ile "s" inayojitokeza ikitaka. Kijerumani na Kifaransa ndio usiseme.

Kiafrikaans? Hakuna. Angalia:

Ek eet – mimi nakula
Jy eet – wewe unakula
Hy eet – yeye anakula (mwanaume)
Sy eet – yeye anakula (mwanamke)
Ons eet – sisi tunakula
Julle eet – nyinyi mnakula
Hulle eet – wao wanakula

"Eet" haijatikisika. Hata kile kitenzi cha "kuwa", ambacho husumbua wanafunzi wa lugha nyingine, hapa kimetulia: ek is, jy is, hy is, ons is, hulle is. "Kuwa na" pia: ek het, jy het, sy het, ons het.

Ek is moeg – nimechoka.
Sy is by die huis – yuko keja.
Ons het geld – tuna doo.

Ngeli pia hakuna. Zile A-WA, KI-VI na LI-YA zilizokutesa shuleni, sahau. Wala hakuna nomino ya kiume na ya kike kama Kifaransa. Kila kitu kinabeba "die" (kile kinachojulikana) au "'n" (kimoja tu, chochote): die man, die vrou, die boek, 'n boek. Hiyo "'n" inatamkwa kwa kuguna kidogo tu, na hata ikianza sentensi haiandikwi kwa herufi kubwa. Neno linalofuata ndilo linabeba herufi kubwa: "'n Man eet."

Jana na kesho

Wakati uliopita unajengwa kwa njia moja kwa karibu vitenzi vyote: weka "het", halafu bandika "ge-" mbele ya kitenzi.

Ek werk – nafanya kazi.
Ek het gewerk – nilifanya kazi.

Na hiyo moja inabeba nilifanya, nimefanya na nilikuwa nimefanya. Zote "ek het gewerk". Muktadha utamaliza kazi.

Vitenzi vinavyoanza na be-, ver-, ont-, her-, er- au ge- havichukui "ge-" nyingine. "Vergeet" ni kusahau, na nimesahau ni "ek het vergeet". "Verstaan" ni kuelewa, na nilielewa ni "ek het verstaan". Kuna vichache pia vyenye umbo lao la zamani: "is" inakuwa "was", "kan" (naweza) inakuwa "kon", "wil" (nataka) inakuwa "wou", "moet" (lazima) inakuwa "moes". Hapo umemaliza karibu vyote.

Kesho ni rahisi zaidi: weka "sal". "Ek sal werk", nitafanya kazi. Watu wakipiga stori hutumia pia "gaan": "ek gaan werk". Zote fiti.

Sasa twende kwa matatu

Hapa ndipo kuna kazi. Kiafrikaans hakisumbui na umbo la neno, kinasumbua na mahali neno linakaa. Ukikosea mpangilio, utaeleweka, lakini utasikika kama mgeni aliyeshuka ndege asubuhi.

Fikiria sentensi kama matatu. Mbele kuna kile kiti cha kando ya dereva, chenye watu hupigania. Kinabeba abiria mmoja tu. Halafu kuna dereva. Dereva ni kitenzi cha kwanza, na nafasi yake ni ya pili. Haijalishi nani amekaa kando yake, dereva hahami.

Ek drink nou tee – mimi nakunywa chai sai.

"Ek" amekaa kiti cha mbele, "drink" ndiye dereva, wengine wako nyuma. Sasa tuseme unataka kuanza na "nou", yaani sai. Nou anapanda mbele. Kiti kinabeba mmoja, kwa hivyo "ek" anashuka na kuingia nyuma ya dereva:

Nou drink ek tee.

Sio "nou ek drink tee". Hilo ndilo kosa la kwanza la kila mgeni, ju Kiswahili na Kiingereza zinaturuhusu kusema "sai mimi nakunywa chai" bila kugusa kitu. Kiafrikaans kinakataa.

Abiria mmoja haimaanishi neno moja. Anaweza kuwa mkubwa:

Die ou man drink tee – mzee anakunywa chai.
Elke Saterdag speel ons rugby – kila Jumamosi tunacheza raga.

"Die ou man" ni abiria mmoja mwenye maneno matatu. "Elke Saterdag" ni abiria mmoja. Baada yake, dereva.

Makanga anakaa mlangoni

Mara nyingi sentensi inakuwa na vitenzi viwili: naweza kusema, nataka kununua, nilikuwa nimekula. Kitenzi cha kwanza ni dereva, tushaona. Cha pili ni makanga, na makanga anaenda hadi mwisho kabisa, mlangoni. Abiria wote wanakaa kati yao.

Ek kan Afrikaans praat – naweza kubonga Kiafrikaans.
Ek wil water koop – nataka kununua maji.
Ons moet nou huis toe gaan – lazima twende nyumbani sasa.

Ukitafsiri neno kwa neno utapata "mimi naweza Kiafrikaans kubonga", "mimi nataka maji kununua". Mwanzoni inasikika kama msee anazungumza kinyumenyume. Izoee.

Wakati uliopita unafuata sheria hiyohiyo, ju "het" ni dereva na kile kitenzi chenye "ge-" ni makanga:

Ek het gister brood gekoop – jana nilinunua mkate.
Gister het ek brood gekoop – maana ileile, lakini "gister" amepanda mbele.

Kuna neno moja dogo la kuangalia, "toe", inayokaa baada ya mahali unapoenda. Badala ya "kwenda Kaapstad", wao husema "Kaapstad toe gaan". Kaapstad ndio Cape Town. "Toe" inakaa nyuma ya jina la mahali, kama "-ni" yetu kwa "shuleni" na "sokoni".

STOMPI: abiria wanapangwa vipi

Na hao walio katikati, nani anakaa wapi? Shule za Afrika Kusini hufundisha neno moja la kukumbukia: STOMPI. Kwa Wasauzi "stompie" pia ni kipisi cha sigara, kwa hivyo hakuna mtoto anayesahau.

S – subjek, mtendaji
(dereva)
T – tyd, wakati
O – objek, kinachotendwa
M – manier, jinsi
P – plek, mahali
(makanga)
I – infinitief, ile sehemu ya "ili ku-"

Mfano mmoja wenye kila kitu:

Die seun het gister die bal hard op die veld geskop om te wen.

Die seun (kijana), het (dereva), gister (jana), die bal (mpira), hard (kwa nguvu), op die veld (uwanjani), geskop (makanga: amepiga), om te wen (ili kushinda).

Angalia vile wakati unakuja mapema, kabla ya mpira. Kwa Kiswahili cha kawaida tungesema kijana alipiga mpira kwa nguvu uwanjani jana, "jana" ikija mwisho. Kwao "jana" haikai mwisho. Hiyo ndio tofauti ya kushika.

Dereva akihama

Nilisema dereva hahami. Kuna hali moja anahama, na hali hiyo ina maneno yake: "dat" (kwamba), "omdat" (kwa sababu), "as" (kama), "wat" (ambaye, ambacho), "terwyl" (wakati ambapo). Ukiona moja ya hizo, kitenzi kinatupwa mwisho wa kipande hicho.

Ek is honger – nina njaa.
Ek eet omdat ek honger is – nakula kwa sababu nina njaa.

"Is" imetoka nafasi ya pili ikaenda mwisho. Kama kuna vitenzi viwili, dereva anaenda kumpata makanga kule nyuma: "omdat ek Afrikaans kan praat", kwa sababu naweza kubonga Kiafrikaans.

Lakini lugha imekuachia mlango wa nyuma. Tumia "want" badala ya "omdat". Maana ni moja, lakini "want" haimsumbui dereva: "Ek eet, want ek is honger." Na "kwamba" unaweza kuitoa kabisa. Badala ya "Ek weet dat jy moeg is", sema "Ek weet jy is moeg", najua umechoka. Wenyewe pia huongea hivyo kila siku. Ukiwa bado unajifunza, hizo mbili zitakuokoa.

Hapana mara mbili: nie ... nie

Hii ndiyo alama ya Kiafrikaans. Ukitaka kukataa, unaweka "nie" ya kwanza, halafu unafunga sentensi na "nie" nyingine.

Ek eet nie vleis nie – sili nyama.
Ek het nie geld nie – sina doo.
Ek kan nie Afrikaans praat nie – siwezi kubonga Kiafrikaans.
Ek het nie vleis geëet nie – sikula nyama.

Kwa matatu yetu, "nie" ya pili ni mlango unafungwa. Hata makanga akishaingia, bado mlango unafungwa nyuma yake: "geëet nie", "praat nie".

Kama baada ya "nie" ya kwanza hakuna kitu kingine, hakuna haja ya ya pili. Unasema "Ek weet nie", sijui. "Hy kom nie", haji. "Ek ken hom nie", simjui. Huwezi kusema "nie nie" zikifuatana.

Maneno ya kukana pia yanahitaji kufungiwa mlango: "niks" (hakuna kitu), "nooit" (kamwe), "niemand" (hakuna mtu), "nêrens" (hakuna mahali).

Ek het niks gesien nie – sikuona kitu.
Sy is nooit laat nie – hachelewi kamwe.

Na kumkataza mtu, tumia "moenie": "Moenie hardloop nie!", usikimbie!

Watu huona hii nie mbili ni ajabu, lakini Kiswahili kinafanya kitu kama hicho na hujawahi kushtuka. Chukua "anapenda". Ukikataa unasema "hapendi". Umebadilisha mwanzo ukaweka "ha-", na mwisho ukabadilisha "a" ikawa "i". Umefunga pande mbili, mwanzo na mwisho. Tofauti ni kwamba sisi tunafanya hivyo ndani ya neno moja, wao wanafanya kwa sentensi nzima.

Kuuliza swali

Kwa swali la ndiyo au la, kile kiti cha mbele kinabaki wazi na dereva anasikika kwanza:

Praat jy Afrikaans? – unabonga Kiafrikaans?
Het jy geëet? – umekula?

Kwa maswali mengine, neno la kuuliza ndilo linakaa kiti cha mbele:

Wat is jou naam? – jina lako nani?
Waar bly jy? – unaishi wapi?
Hoeveel kos dit? – ni pesa ngapi?
Hoe gaan dit? – form ni gani?

Wat, waar, wanneer (lini), wie (nani), hoekom (kwa nini), hoe (vipi), hoeveel (ngapi). Hizo saba zinatosha kuzunguka tao lote.

Vitu vidogo vya kumalizia

Wingi mara nyingi ni "-e" au "-s": hond na honde (mbwa), tafel na tafels (meza). Nyingine ni za kukariri, kama kind na kinders (mtoto, watoto).

Kivumishi kinakaa kabla ya nomino: "wit kant", "groot huis". Baadhi vinaongezewa "-e" vikikaa hapo: "die dag is pragtig", siku ni ya kupendeza, lakini "'n pragtige dag".

Umiliki ni "se", na mwenye mali anatajwa kwanza: "my ma se huis", keja ya mathe wangu. Unaweza kuifunga mnyororo: "my pa se broer se kar", gari la brathe ya buda yangu.

Udogo ni "-ie", "-jie", "-tjie" na ndugu zao: huis inakuwa huisie, kat inakuwa katjie, seun inakuwa seuntjie. Ni kazi ileile ya "ka-" kwenye Sheng, pale unaposema kamsee au kakeja. Na kama sisi, wanaitumia kwa mapenzi na kwa dharau, ni sauti tu inabadilika.

Kurudia neno pia kuko: "gou-gou" ni chap chap, "plek-plek" ni hapa na pale. Watafiti wengi wanahusisha tabia hiyo na Kimalei cha wale watumwa wa Cape. Ila chunga "nou-nou". Ingawa "nou" ni sasa, "nou-nou" ni baadaye kidogo. Ni kama msee akikuambia "niko njiani" na bado anaoga.

Kabla hujaitumia, jua ilipitia nini

Kuna kitu hakuna kitabu cha sarufi kitakuambia. Lugha hii iliyozaliwa jikoni ilichukuliwa na serikali ya ubaguzi wa rangi ikageuzwa fimbo. Mwaka 1974 iliamriwa kwamba shule za Waafrika zitumie Kiafrikaans na Kiingereza nusu kwa nusu, na hesabu na masomo ya jamii yafundishwe kwa Kiafrikaans. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliingia barabarani kukataa. Polisi wakafyatua risasi. Hector Pieterson, aliyekuwa na miaka 12, aliuawa, na picha ya Sam Nzima ya kijana huyo akibebwa ikazunguka dunia. Siku ya Mtoto wa Afrika ambayo hata sisi Kenya huadhimisha kila Juni 16 inatoka hapo.

Kwa hivyo Msauzi mmoja akisikia Kiafrikaans anakumbuka nyumbani, na mwingine anakumbuka risasi. Usimrukie mtu na "hoe gaan dit" kabla hujajua yeye ni wa upande gani.

Lakini pia usidhani ni lugha ya Wazungu tu. Kwa sensa ya 2011, wengi wa wanaoizungumza nyumbani hawakuwa Wazungu. Mwaka 2022 Charlize Theron, ambaye alikulia Benoni akiongea Kiafrikaans, alitania kwamba waliobaki wakiongea lugha hiyo ni kama watu 44. Mtandao ukawaka. Sensa ya mwaka huohuo ilionyesha asilimia 10.6 ya Wasauzi wanaiongea nyumbani, na hiyo inaiweka nafasi ya tatu baada ya Kizulu na Kixhosa. Tunaongea kuhusu zaidi ya watu milioni 6.

Na mtaani haijatulia. Kule Cape Flats kuna Kaaps, Kiafrikaans cha mtaa, na makundi ya hip hop kama Prophets of da City na Brasse Vannie Kaap yalikibeba hadi kwa maikrofoni. Mwaka 2021 University of the Western Cape na Heal the Hood wakazindua mradi wa kuandika kamusi ya Kaaps. Jozi nako kuna Tsotsitaal. "Taal" ni Kiafrikaans cha "lugha", na Tsotsitaal ya zamani ilijengwa juu ya sarufi ya Kiafrikaans, vile Sheng ya Eastlands ilijengwa juu ya Kiswahili. Ndio maana tunasema uko mbele tayari. Unajua kutoka utotoni kwamba lugha inayoitwa "imevunjika" huwa na sheria zake, na ukizivunja, wenyewe watakucheka.

Jipime

Funika majibu, jaribu mwenyewe.

1. Sinywi bia. – Ek drink nie bier nie.
2. Mathe wangu alipika jana. – My ma het gister gekook.
3. Kesho nitaenda Cape Town. – Môre sal ek Kaapstad toe gaan.
4. Nataka kununua mkate. – Ek wil brood koop.
5. Sijui gari iko wapi. – Ek weet nie waar die kar is nie.

Namba tano ndiyo mtihani: dereva wa kipande cha pili ametupwa nyuma, na bado mlango umefungwa na "nie" baada yake. Ukiipata bila kuchungulia, uko fiti.

Na ukikutana na mzee wa Kiafrikaans, usimwambie "jy" tu hivi hivi. Mwanaume anaitwa "Oom", mwanamke "Tannie", ni kama sisi na mzee na auntie, na heshima hiyo inaingia hata ndani ya sentensi: "Hoe gaan dit met Oom?" Akikujibu "Goed, dankie", we ongeza tu "baie lekker" na uendelee na stori.